Matembezi ya Siku Moja Mashambani Uingereza: Jinsi ya Kuyapanga na Kuyatembea

Mtu anayeishi London, Leicester au Manchester anaweza kupanda treni asubuhi, akatembea kutwa nzima kati ya mashamba ya ngano, malisho ya kondoo na majabali ya pwani, na usiku uleule akalala kitandani kwake. Wenzetu wengi walio Uingereza, hata waliokaa huko miaka mingi, hawajawahi kufanya hivyo, na kwa ninavyoona, kinachowazuia si nauli wala umbali. Wakifika kwenye ua, geti na ng'ombe wa watu, wanadhani wamefika mwisho wa mahali wanaporuhusiwa kukanyaga, wakati mara nyingi ndipo njia ya umma inapoanza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sheria kabla ya viatu.

Kwanza, ijue haki yako ya kupita

Uingereza (hapa nina maana ya England) na Wales kwa pamoja zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, na sehemu kubwa ya njia hizo hupita ndani ya ardhi ya watu binafsi. Mwenye shamba anamiliki udongo, mazao na mifugo, lakini hana mamlaka ya kukuzuia usipite, kwa sababu njia hiyo kisheria ni barabara ya umma, hata kama ni ukanda mwembamba wa majani yaliyokanyagwa. Ikikata katikati ya shamba la ngano, unapita katikati ya ngano. Mkulima akiilima, anatakiwa kuirudisha, na inapokatiza shamba upana wake usipungue mita 1 kwa watembea kwa miguu. Ikipita uani, kati ya banda la trekta na dirisha la jikoni la mwenye nyumba, unapita, unamsalimu ukimwona, unaendelea na safari yako. Hapo ndipo wageni wengi husita na kurudi nyuma, nami nasisitiza: usirudi, mradi ramani na mshale vinakuambia uko njiani.

Mishale hiyo hupigiliwa kwenye nguzo, mageti na miti, na rangi yake ina maana. Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu peke yao. Wa buluu ni njia ambayo wapanda farasi na waendesha baiskeli wanaruhusiwa pia. Wa zambarau huongeza magari ya kukokotwa na farasi, na mwekundu huruhusu hata magari ya injini. Mtembea kwa miguu ana haki katika zote nne.

Zaidi ya njia hizo, Sheria ya Mashambani na Haki za Njia ya mwaka 2000 iliruhusu watu kutembea popote wapendapo, hata nje ya njia, katika maeneo yaliyochorwa rasmi kuwa ardhi wazi: milima, nyika za mimea mifupi, vilima vya majani na ardhi za jumuiya zilizosajiliwa. Haki hii haikutolewa bure. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa kazi za viwandani kutoka Manchester na maeneo ya jirani, walipanda Kinder Scout, nyanda ya juu iliyofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa matajiri, wakapambana na walinzi, na watano kati yao wakafungwa jela. Sheria ya kuanzisha hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1949, na hifadhi ya kwanza, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951 ikiwa na Kinder Scout ndani yake. Ukipita kule leo bila kuulizwa na mtu, unatumia kitu kilichopiganiwa.

Msomaji aliyezoea Serengeti au Tsavo aelewe pia kwamba hifadhi ya taifa nchini Uingereza ni kitu kingine kabisa. Hakuna lango la kulipia, hakuna askari wa wanyamapori anayekungoja, na ndani yake kuna vijiji, shule, mashamba na barabara. Hifadhi kama hizo ziko 10, na zote unaingia kwa miguu yako bila ruhusa ya mtu.

Pili, nunua ramani na ujifunze kuisoma nyumbani

Simu peke yake haitoshi. Betri huisha upesi kwenye baridi, mtandao hupotea mabondeni, na ramani za kawaida za simu hazionyeshi ni njia gani ina haki ya kisheria. Shirika la ramani la taifa, Ordnance Survey, lililoanza mwaka 1791, linachapisha mfululizo wa Explorer wenye jalada la rangi ya chungwa, kwa skeli ya 1:25,000, yaani sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Nunua huo, usinunue wa Landranger wenye jalada la waridi, kwa sababu Explorer huonyesha nyua za mashamba na Landranger haizionyeshi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo dukani, lakini ukisimama kwenye kona ya shamba lenye mageti mawili, mstari mwembamba wa ua kwenye ramani ndio utakaokuambia upite upande gani wake. Kila nakala huja na namba ya siri ya kupakua ramani hiyohiyo kwenye simu, kwa hiyo unakuwa na zote mbili.

Kaa mezani na ramani siku moja kabla. Tafuta mistari ya kijani iliyokatikakatika: vipande vifupi ni njia za miguu, vipande virefu ni za farasi. Njia ndefu za taifa zimepambwa kwa almasi za kijani. Ardhi wazi ina rangi ya njano hafifu. Jihadhari na mistari myeusi iliyokatikakatika, kwa sababu hiyo inasema tu kwamba kuna njia ardhini, haisemi kwamba una haki ya kuipita. Halafu angalia mistari ya kontua, ile ya rangi ya kahawia: ikisongamana, mteremko ni mkali, ikiachana, ardhi ni tambarare.

Ukishaichora njia yako, kadiria muda. Kanuni inayotumika hadi leo ilitolewa na mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892, na kwa vipimo vya sasa ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi asiyepumzika. Anayeanza ahesabu kilomita 4 kwa saa, kisha aongeze muda wa kula, wa kupiga picha na wa kupotea kidogo, maana kupotea kidogo hakukosekani.

Hesabu hiyo ilinganishwe na mwanga wa jua, jambo ambalo sisi tuliokulia karibu na ikweta hulisahau kirahisi. Katikati ya Desemba, jua la kusini mwa Uingereza huzama kabla ya saa kumi alasiri, na kaskazini mapema zaidi. Katikati ya Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Matembezi yaleyale ya kilomita 20 yanayokupa nafasi ya kulala kwenye majani mwezi Juni yatakuacha gizani mwezi Desemba. Kuanzia Novemba hadi Januari panga kilomita zisizozidi 12, na uwe umemaliza kabla ya alasiri kuchwea.

Tatu, chagua njia ya kuanzia

Anza na njia inayotoka kituo kimoja cha treni hadi kingine, usihitaji gari wala kurudi ulikotoka. Kwa wakazi wa London na Reading napendekeza kutoka Goring & Streatley hadi Pangbourne, kama kilomita 7 kando na juu ya Mto Thames, zenye kipande kimoja cha kupanda msituni na kuteremka, ambacho kinatosha kukuonyesha kama viatu vyako vinakufaa. Kwa walio Manchester na Sheffield, treni ya Bonde la Hope hushusha abiria Edale, chini kabisa ya Kinder Scout, lakini kilele chake kina mita 636 na ukungu wake hushuka ghafla, hivyo kizoee kwanza kilima cha Mam Tor chenye mita 517, ambacho njia yake ni ya wazi na ina watu wengi. Box Hill katika Surrey nayo ina kituo chake cha treni na mawe ya kukanyagia kuvuka Mto Mole, ambayo watoto huyapenda sana. Maji yakijaa baada ya mvua, kuna daraja la miguu jirani.

Nauli hushuka baada ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na wikendi kwa kawaida hushuka kutwa. Watu watatu hadi tisa wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano hupata punguzo la theluthi moja katika kampuni nyingi za treni za kusini. Jumamosi usiku angalia kama kuna matengenezo ya reli, kwa sababu Jumapili treni nyingi hubadilishwa kuwa mabasi na saa zako zote zikavurugika.

Anayeona vigumu kwenda peke yake asikae nyumbani kwa sababu hiyo. Ramblers, chama cha watembeaji kilichoundwa mwaka 1935, kina matawi karibu kila mji, na matembezi yao huongozwa na watu wanaoijua njia. Kuna pia vikundi vilivyoanzishwa na watu waliochoka kuwa mtu mweusi pekee au mwenye hijabu pekee njiani, kama Black Girls Hike, kilichoanza mwaka 2019, na Muslim Hikers, na watu wengi wamepata kupitia kwao ujasiri wa siku ya kwanza.

Nne, mavazi na mkoba

Pamba ni adui. Suruali ya jinzi ikilowa hukaa na maji kutwa nzima, inakuwa nzito, na upepo ukipiga mwili hupoa upesi kuliko unavyodhani, hata mwezi Mei. Vaa nguo nyembamba za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka, moja juu ya nyingine, ili uvue unapopanda na uvae unaposimama. Juu yake beba koti la mvua na suruali ya mvua, hata kama anga ni la buluu unapotoka mlangoni. Buti zenye soli ya meno ni muhimu kuliko buti za bei kubwa. Tope la mashamba ya Uingereza kuanzia Oktoba hadi Machi ni zito, na raba za mjini huteleza juu yake hata pasipo mteremko. Zivae nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya safari, pamoja na soksi utakazozitumia.

Mkobani weka maji lita moja na nusu au zaidi, tochi ya kichwani, filimbi, dira, plasta za malengelenge, nguo moja ya joto ya akiba, na betri ya akiba ya simu. Chakula ni hiari yako, lakini mayai ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa na maharage makavu, tende, na chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto havina mshindani pale upepo unapovuma. Baa za vijijini hupika vizuri na hupokea watembeaji, isipokuwa jikoni nyingi hufungwa saa nane mchana, na buti zenye tope huachwa mlangoni. Anayetaka halali ajue hataipata kirahisi huko, hivyo ni heri abebe chake. Kwa anayeswali njiani, kibla kiko upande wa kusini-mashariki, na wakati wa baridi adhuhuri na alasiri hukaribiana mno, kwa hiyo apange mapumziko yake kwa kufuata nyakati hizo.

Tano, siku yenyewe: mfano wa Seaford hadi Eastbourne

Njia hii ya pwani ya Sussex, kama kilomita 22, nadhani ndiyo nzuri kuliko zote ambazo mkazi wa London anaweza kuzifikia kwa treni bila kulala safarini. Ifanye ukishamaliza mbili tatu fupi. Ramani yake ni Explorer OL25. Treni hutoka London Victoria, unabadilisha Lewes, unashuka Seaford. Kurudi unapanda Eastbourne moja kwa moja. Tembea kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa sababu upepo wa kawaida wa pwani hiyo hutoka kusini-magharibi, na kilomita 22 za upepo mgongoni ni tofauti kabisa na kilomita 22 za upepo usoni.

Kutoka kituoni teremka hadi baharini, geuka kushoto, upande Seaford Head. Ukifika juu, majabali ya Seven Sisters yanatokea yote kwa pamoja upande wa pili wa bonde, meupe kabisa, na mbele yake nyumba ndogo za walinzi wa pwani. Hapo ndipo wengi hufanya kosa la kudhani watavuka mto chini kule. Mto Cuckmere hauna daraja mdomoni mwake. Fuata ukingo wake kuingia bara, kama kilomita 2, hadi daraja la Exceat kwenye barabara kuu, ambako kuna vyoo, kituo cha basi na kituo cha wageni. Jaza maji hapa. Kisha rudi kuelekea baharini upande wa pili wa bonde na upande Haven Brow, jabali refu kuliko yote saba, lenye mita 77.

Kutoka hapo ni kupanda na kushuka, tena na tena, juu ya majani mafupi yaliyokatwa na meno ya kondoo. Kila mteremko ni mfupi lakini mkali, na chaki ikilowa huteleza kama sabuni. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea. Ukingo wa jabali hauna uzio. Kinachoonekana kwako kuwa ardhi imara kinaweza kuwa ganda la majani lililobaki hewani baada ya bahari kula chaki ya chini, na vipande vikubwa huanguka bila onyo, kiangazi na masika. Kaa mita kadhaa kutoka ukingoni, watoto uwashike mkono, na usikubali mtu yeyote akuombe usogee kwa ajili ya picha. Chini ufukweni nako usitembee kufuata miguu ya majabali, maana maji yakijaa hukufungia njia mbele na nyuma.

Birling Gap, mwisho wa Seven Sisters, ina mkahawa, vyoo na ngazi ya kushukia ufukweni. Ukiwa umechoka, au mawingu yanaposhuka, fikiria kusitisha safari hapa. Uliza basi kabla ya kukaa kula. Ukiendelea, utapita mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout, ambao mwaka 1999 ulisukumwa mzima mzima mita 17 kuingia bara ili usianguke baharini, halafu utapanda Beachy Head, mita 162 juu ya maji, na kuteremka Eastbourne. Kwa anayeanza, siku yote ni muda wa saa saba hadi nane pamoja na mapumziko.

Sita, adabu za njiani na wanyama

Geti uliloliona limefungwa, lifunge. Uliloliona wazi, liache wazi, kwa sababu huenda mkulima ameliacha hivyo ili mifugo ifikie maji. Tembea kwa mstari mmoja penye mazao. Mbwa afungwe kamba karibu na mifugo, na kwenye ardhi wazi sheria inataka afungwe kamba fupi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, wakati ndege wanapotaga chini.

Ng'ombe ndio wanyama wa kuwaheshimu kuliko wote. Wale wenye ndama wanaweza kushambulia, na hasa wakimwona mbwa. Usipite kati ya mama na ndama, usikimbie, usiwapungie mikono; tembea polepole kando ya ua, na njia ikiwa imejaa ng'ombe walioinua vichwa wakikutazama, zunguka mbali nao kisha urudi njiani. Wakikujia na una mbwa, mwachie kamba: yeye atawakimbia, wewe huwezi.

Likitokea la dharura, piga 999 au 112, omba polisi, halafu omba kikosi cha uokoaji milimani. Penye bahari omba walinzi wa pwani. Taja namba ya mraba wa ramani (grid reference) mahali ulipo, yaani namba unazozisoma kwenye mistari ya miraba ya ramani yako. Kabla hujaondoka nyumbani, tuma neno register kwenda 999, ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe pale simu inaposhindwa kuunganisha sauti. Filimbi ikipulizwa mara sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ni wito wa msaada unaotambuliwa na watembeaji wote. Mwachie pia mtu wa nyumbani jina la njia na saa unayotarajia kurudi, naye ajue atapiga simu saa ngapi asipokuona.

Saba, ukishafika nyumbani

Kabla ya kuoga, jikague nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye mstari wa nywele, na wakague watoto. Kupe wa Uingereza ni mdogo mno, wakati mwingine hazidi mbegu ya ufuta, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute juu polepole bila kumpinda, kisha safisha mahali hapo. Wiki zinazofuata, ukiona wekundu unaotanuka kuzunguka ulipoumwa, au homa isiyoeleweka, nenda kwa daktari umwambie ulitembea wapi. Ugonjwa huo hutibika kwa antibayotiki ukiwahiwa.

Na kama njiani ulikuta ngazi ya mbao iliyovunjika, ua uliozibwa kwa waya, au njia iliyolimwa isionekane tena, iripoti kwenye tovuti ya halmashauri ya kaunti husika, ukitaja namba ya mraba wa ramani na kuambatanisha picha. Halmashauri ina wajibu wa kisheria wa kuzilinda njia hizo na ina uwezo wa kumwamuru mwenye ardhi aifungue. Ripoti hiyo unaiandika kwa dakika chache, na huhitaji kuwa raia ili kuituma.